WARAKA NI NUSU YA KUONANA
Mafundisho juu ya kuwaandikia walio wapweke

Wazee wetu walituachia neno hili, ya kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Twalisema mara nyingi tupokeapo barua. Lakini ni wachache waliokaa kitako wakauliza: Nusu hiyo ni nusu gani? Maana barua haina mkono wa kushika mkono, wala haina macho, wala haiwezi kuteka maji au kuchanja kuni kwa ajili ya mgonjwa. Basi yaleta nini nyumbani mwa mtu aliye mpweke? Katika mafundisho ya mwezi huu twataka kulitazama neno hilo, kisha tujifunze namna ya kuandika barua imfaayo mtu wa namna hiyo. Ni kazi ndogo kwa macho. Lakini mtaona ya kuwa pengine uhai wa mtu umo ndani yake.

1. Upweke ni nini?

Kwanza tupambanue mambo mawili. Kuwa peke yako si sawa na upweke. Mchunga ng'ombe hukaa nyikani mchana kutwa pasipo mwenzake, na jioni hurudi akiimba. Lakini mwingine akaa katika nyumba yenye watu kumi, hula nao sinia moja, na moyoni aona ya kuwa hakuna hata mmoja ajuaye habari zake. Huyo ndiye mpweke. Upweke ni maumivu ya kujiona umesahauliwa, na kudhani ya kuwa kama ungetoweka leo, siku nyingi zingepita kabla ya mtu kuuliza uko wapi.

Wako wasemao: Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, ambako wazee huachwa peke yao, sisi tuna ukoo na majirani. Maneno hayo si kweli. Mwezi wa Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa yake juu ya jambo hili. Taarifa yasema ya kuwa mtu mmoja katika kila sita duniani asumbuliwa na upweke. Tena katika nchi maskini watu wapatao 24 katika kila 100 walisema ni wapweke, na katika nchi tajiri wapatao 11 katika kila 100. Vijana nao wametajwa miongoni mwa wale wasumbukao zaidi. Wala upweke hauumizi moyo tu. Waongeza hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari, na tume yakadiria ya kuwa kila mwaka vifo zaidi ya 871,000 vyahusiana nao.

Tusistaajabu. Tutazame katika vijiji vyetu wenyewe. Wana wamekwenda mijini, na mama mzee hulala peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Mwalimu amepelekwa kufundisha mahali ambapo hajui lugha ya wenyeji. Msichana amechukuliwa kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu, wala hana jamaa katika mji ule. Mgonjwa amelazwa mwezi wa tatu, na wale waliokuwa wakija kumwona kila jioni wamechoka. Kijana amefungwa gerezani, na wa kwao waona haya kumtaja. Na mfiwa je? Wakati wa matanga nyumba hujaa watu hata pasiwe na nafasi ya kukaa. Matanga yakiisha kuanuliwa kila mtu hurudi kwake, na hapo ndipo mjane huanza kusikia kimya cha nyumba yake.

2. Mganga aliyewaandikia waliomkataa

Sasa nawaeleza habari ya mtu mmoja aliyeitazama nguvu ya barua, si kwa kudhani tu, bali kwa kuhesabu. Jina lake Jerome Motto, mganga wa magonjwa ya akili katika mji wa San Francisco, nchi ya Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari huko Ulaya. Msichana mmoja aliyekuwa amefahamiana naye kabla ya kuondoka kwao alikuwa akimwandikia barua. Barua zile zilimtia nguvu katika siku ngumu, wala hakuzisahau.

Baadaye, alipokwisha kuwa mganga, aliona jambo la kuhuzunisha. Watu waliotaka kujiua waliletwa hospitalini, wakatunzwa, wakapata nafuu kidogo, wakaruhusiwa kwenda zao. Walipoambiwa warudi kwa matibabu, wengi hawakurudi. Mganga atafanya nini kwa mtu asiyemtaka? Hawezi kumfuata kwa nguvu. Motto akakumbuka barua za wakati wa vita, akawaza: Je, mtu huyu akijua ya kuwa pana mwenzake amkumbukaye, wala hamdai neno lo lote, haitamsaidia kuishi?

Tangu mwaka 1969 yeye na wenzake walianza kuzungumza na wagonjwa katika hospitali tisa za mji ule. Wote pamoja walikuwa 3,005. Mwezi mmoja baada ya kila mtu kutoka hospitalini walitafuta kujua kama anaendelea na matibabu. Wakapata watu 843 waliokataa au walioacha. Hao waligawanywa kama kwa kura: 389 waandikiwe barua, na 454 wasiandikiwe. Msidhani ya kuwa hao 454 walionewa. Wakati huo hapakuwa na mtu ajuaye kama barua yafaa kitu au haifai, wala hapakuwa na njia nyingine ya kujua ila kuyalinganisha makundi mawili.

Sasa tutazame barua zenyewe, maana hapo ndipo mafunzo yetu yalipo.

Kwanza, zilikuwa fupi, sentensi mbili tatu tu. Zilisema ya kuwa siku zimepita tangu mtu alipokuwa hospitalini, na ya kuwa waandishi watumaini hajambo. Naye akipenda kuwaandikia, watafurahi kupata habari zake. Basi. Hazikumwambia arudi kutibiwa. Hazikumwuliza habari za ugonjwa wake. Hazikumpa mashauri.

Pili, aliyeandika ni yule yule aliyekaa na mgonjwa hospitalini akazungumza naye. Haikuwa barua ya ofisi, bali ya mtu aliyemjua uso wake.

Tatu, barua hazikunakiliwa. Kila moja ilikuwa na maneno yake, yasiyo sawa na yale ya barua iliyotangulia. Na mgonjwa akijibu, barua iliyofuata iliyashika maneno yake na kuyajibu.

Nne, ndani ya kila bahasha iliwekwa bahasha nyingine yenye anwani ya kurudishia, lakini haikubandikwa stempu. Kwa nini? Ili mtu asijione amesukumwa kujibu. Mlango uliachwa wazi, lakini hakuvutwa aingie.

Tano, ziliendelea kuja. Miezi minne ya kwanza ilikuja moja kila mwezi. Miezi minane iliyofuata ilikuja moja kila miezi miwili. Kisha kwa miaka minne ilikuja moja kila miezi mitatu. Ukizihesabu zote ni barua 24 katika miaka mitano.

3. Barua zile zilizaa nini?

Katika miaka miwili ya kwanza, miongoni mwa wale walioandikiwa, waliojiua hawakufika wawili katika kila 100. Miongoni mwa wale wasioandikiwa walizidi watatu katika kila 100. Yaani kwa walioandikiwa ilikuwa karibu nusu tu. Katika kila mwaka wa miaka mitano ile kundi la barua lilikuwa na vifo vichache zaidi. Lakini tofauti ilizidi kupungua, na ulipofika mwaka wa kumi na nne haikuonekana tena. Habari hizi Motto na mwenzake Alan Bostrom walizitangaza kwa ukamilifu mwaka 2001.

Wako waliojibu. Mmoja aliandika ya kuwa waandishi hawatajua kamwe jinsi vibarua vile vilivyo na maana kwake, maana sikuzote vyamwonyesha ya kuwa yuko mtu ajaliye yatakayompata. Mwingine aliandika kwa ukali, hata kwa tusi, ya kuwa hajapata kuona watu wasiochoka kama hawa. Basi bila shaka wamjali kweli. Angalieni maneno ya huyu wa pili. Barua ya kwanza hakuiamini. Labda hata ya tatu hakuiamini. Aliamini alipoona ya kuwa haziachi kuja.

Wengine nao walijaribu. Katika mji wa Newcastle huko Australia watu waliokuwa wamekunywa sumu walipelekewa kadi nane za posta katika muda wa miezi 12, kila moja ndani ya bahasha iliyofungwa. Habari zilizotangazwa mwaka 2005 zaonyesha ya kuwa mara za kurudia kunywa sumu zilipungua karibu nusu. Huko Tehran katika nchi ya Iran walifanya vivyo hivyo, na katika habari za mwaka 2011 ikaonekana ya kuwa mawazo ya kujiua na majaribio ya kujiua yalipungua. Lakini huko Christchurch, New Zealand, kadi za posta hazikuleta tofauti iliyo dhahiri, kama ilivyotangazwa mwaka 2010. Basi tusiseme ya kuwa barua ni dawa iponyayo kila mtu. Haiponyi kila mtu. Lakini kwa jambo lisilogharimu ila karatasi, stempu na robo saa, matunda yake si haba.

4. Nusu hiyo ni nusu gani?

Sasa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Barua zile hazikuwa na habari kubwa. Hazikuleta fedha, wala chakula, wala dawa. Neno lake lilikuwa moja: Yuko mtu akukumbukaye, wala hakudai kitu. Na neno hilo lilirudiwa hata likasadikiwa. Hiyo ndiyo nusu ya kuonana iliyomo katika waraka. Nusu nyingine, yaani kuketi pamoja, kula pamoja na kusaidiana kwa mikono, barua haiwezi kuitenda, nasi tusiiache kwa kuwa tumeandika.

Hapo twaona kwa nini barua zetu nyingi haziondoi upweke wa mtu. Tuzitazame kwa kweli. Mwanzo wake ni salamu ndefu zijazazo nusu ya karatasi, ambazo angeweza kuandikiwa mtu ye yote. Kisha huja yale maneno tuyajuayo sote, «dhumuni la barua hii», na baada yake ombi: karo ya shule, nauli, koti, mchango wa arusi. Kuomba si dhambi, na ndugu hana budi kumsaidia ndugu. Lakini kama mjomba aliye mjini hapati barua ila siku za karo, atajifunza kuijua hata bahasha kabla ya kuifungua. Ataona ya kuwa mfuko wake wakumbukwa, na yeye mwenyewe amesahauliwa. Kwa hiyo mwenye ombi na aandike ombi lake, ila na iwe siku nyingine na karatasi nyingine.

5. Barua mbili kwa mjane mmoja

Tuchukue mfano. Mume wa mama mmoja, fundi seremala, amefariki miezi minne iliyopita. Kijana aliyewafahamu, ambaye sasa ni mwalimu katika kijiji kingine, ataka kumwandikia. Aweza kuandika hivi:

«Kwako Mama. Salamu nyingi sana kama mchanga wa bahari. Hali yangu ni njema, wasiwasi ni juu yako. Dhumuni la barua hii ni kukupa pole kwa msiba. Kaza moyo, usilie sana, kwa maana kulia hakumrudishi mtu, na wako waliofiwa kuliko wewe. Pia naomba kujua ile randa ya marehemu kama mtaiuza. Ni mimi, mwanao.»

Au aweza kuandika hivi:

«Mama yetu mpendwa, shikamoo. Jana niliketi juu ya benchi moja katika yale aliyotutengenezea marehemu Baba hapa shuleni, nikaona mguu wake hata mmoja haujalegea. Nikamkumbuka. Nikakukumbuka na wewe, na chai ya tangawizi uliyotupa siku ile tulipokuja kuyachukua mabenchi, mvua ikatunyeshea njiani. Huku mvua za vuli zimeanza, na mahindi yamefika magotini. Mtoto wetu wa pili ameota jino, na sasa huuma kila kitu, hata kitabu changu cha mahudhurio. Barua hii haina ombi, wala si lazima uijibu. Nimetaka tu ujue ya kuwa twawataja nyinyi wawili hapa kwetu. Nitakuandikia tena mwezi ujao, mahindi yakianza kubeba. Ni mimi mwanao.»

Ndugu wasomaji, linganisheni. Barua ya kwanza yamkataza kulia. Ya pili yamkumbuka marehemu pamoja naye. Ya kwanza yapima msiba wake kwa misiba ya wengine; ya pili haipimi. Ya kwanza yauliza habari za randa. Ya pili yamletea benchi, chai, mvua na jino la mtoto, vitu ambavyo hakuna mwingine angeweza kumwandikia ila mtu huyu mmoja. Tena yaahidi kurudi. Mama ataiweka chini ya mto wake, na mwezi ujao atatazamia kusikia habari za mahindi.

Jambo hili la kumtaja mtu na mambo yake si geni kwenu waalimu. Mwajua ya kuwa katika vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni nyaraka. Na waufunguao Waraka kwa Warumi, sura ya mwisho, hukuta orodha ndefu ya majina ya watu wasalimiwao, na wengi wametajwa pamoja na kazi au taabu yao. Mtume hakuona ya kuwa kutaja majina ni kupoteza wino.

6. Namna ya kuanza

Sasa kwa ninyi waalimu na wazee wa shirika, na kila msomaji apendaye, natoa mashauri machache.

Chukua daftari, upige mistari. Mahali pa kwanza andika jina la mtu. Mahali pa pili andika siku ya jambo lililompata: siku ya msiba, siku ya kulazwa, siku ya kuhama. Mahali pa tatu andika siku za barua ulizompelekea. Mahali pa nne andika mambo madogo uliyoyasikia kwake: mbuzi wake amezaa, mguu umevimba, mjukuu ameanza shule. Haya ndiyo mbegu ya barua ifuatayo. Asiyeandika mambo haya husahau, na barua yake ya tatu huwa ya salamu tupu.

Usichukue majina mengi. Watatu wamtosha mtu mwenye kazi zake. Afadhali kuwaandikia watatu kwa miaka mitano kuliko kuwaandikia thelathini mwezi mmoja, kisha ukanyamaza. Maana barua iliyoahidiwa isipokuja, humwumiza mpweke kuliko kama hukuanza. Kipimo cha Motto chafaa kufuatwa: kila mwezi kwa miezi minne, kisha kila miezi miwili hata mwaka utimie, kisha kila miezi mitatu. Mfiwa aandikiwe hasa baada ya matanga, na tena siku ya mwaka wa msiba, ambayo wengi huisahau.

Watoto wa kipaimara nao waweza kuandika. Lakini usiwaandikie barua moja ubaoni wainakili wote. Mzee apokeaye barua kumi zilizo sawa ajua ya kuwa amepokea barua moja, nayo ni ya mwalimu. Kila mtoto na aseme neno lake mwenyewe, hata likiwa ni habari za kuku.

Kwetu barua za Posta haziletwi mlangoni. Huwekwa katika sanduku la posta, na mtu wa kijijini hupata yake kwa sanduku la shule, la zahanati, au la usharika. Kwa hiyo yule ashikaye ufunguo wa sanduku ana kazi kubwa kuliko adhanivyo. Barua isikae wiki tatu juu ya meza ya ofisi. Impeleke mkononi mwa mwenyewe, kwa mkono wako au kwa mtu mwaminifu. Mwenye kumfikishia mgonjwa barua, ndiye pia amzuruye siku hiyo, na nusu mbili zimekutana.

Yuko asiyejua kusoma, na yuko ambaye macho yake yamekwisha. Hao wasiachwe, bali kumbuka ya kuwa mtu mwingine atawasomea. Basi usiandike neno la siri litakalomtia haya mbele ya msomaji. Nawe usomaye barua ya mwingine, soma polepole, soma mara mbili, kisha unyamaze. Usiyachukue maneno yake kwenda nayo kisimani.

Vijana watasema: Siku hizi tuna simu, ujumbe wafika mara moja. Ni kweli, na ujumbe wa simu usidharauliwe. Kwa aliye mbali na Posta huenda ikawa ndiyo njia pekee. Andika kwa simu kwa moyo ule ule: fupi, neno lake mwenyewe, bila ombi, tena na tena. Lakini karatasi ina faida zake. Haiishi moto kama simu, wala haihitaji mtandao. Mtu aweza kuishika usiku wa manane asipopata usingizi, akaisoma mara ya ishirini, akaona mwandiko wa mtu amjuaye.

Tena tuangalie heshima. Kijana asimwandikie mjane aliye kijana kwa siri, wala mtu mume asimwandikie binti wa watu pasipo wazazi kujua. Barua ya namna hiyo na iandikwe na wanawake wa shirika, au na mume na mke wakitia majina yao wote wawili. Hapo hapatakuwa na maneno.

7. Barua isipotosha

Liko neno moja ambalo msiponisikia katika yote, nisikieni katika hili. Ukipata jibu lisemalo: Nimechoka kuishi, au: Afadhali nisingekuwapo, au mtu akaanza kugawa vitu vyake na kuaga, usikae kuandika barua nyingine. Ondoka siku hiyo hiyo, au umpigie simu mtu wa karibu naye aende. Mwulize wazi kama anawaza kujiua. Usiogope ya kuwa swali lako litamtia wazo hilo. Waganga wafundisha ya kuwa kuuliza hakumtii mtu wazo la kujiua, bali mara nyingi humfungulia kinywa. Usimwache peke yake. Kamba, dawa za kuulia wadudu na vidonge viondolewe karibu naye. Kisha afikishwe hospitalini, na mtu wa kwao afuatane naye. Wala usimhukumu. Wale watu wa San Francisco walikuwa wamekwisha kuhukumiwa na wengi, na zaidi wamejihukumu wenyewe.

Na baada ya hayo, atakapotoka hospitalini na watu wakachoka kuuliza hali yake, daftari lako lingalipo. Mwandikie.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa waalimu

1. Kuna tofauti gani kati ya kuwa peke yako na upweke? Ni nani katika kijiji chetu akaaye na watu wengi, na huenda ni mpweke?

2. Kwa nini waandishi wa San Francisco hawakuwaambia wagonjwa warudi kutibiwa? Je, wangesema hivyo, barua zingepokewaje?

3. Ile bahasha isiyo na stempu yatufundisha nini juu ya kumsaidia mtu pasipo kumlemea?

4. Barua za kule New Zealand hazikuleta tofauti iliyo dhahiri. Je, jambo hili litupunguzie bidii, au litufundishe kuongeza kitu juu ya barua? Kitu gani?

5. Ni nani katika shirika letu waliofiwa tangu mavuno yaliyopita, ambao matanga yao yamekwisha na hawajazuriwa tena? Andikeni majina yao sasa, kabla ya kuondoka. Kila mmoja achague jina moja, na barua ya kwanza iwe imefika Posta kabla ya Jumapili.